Vyumba vya Leso

Siku Bitutu alipokata roho, mdogo wake Nyakerario alikuwa kibandani kwake katika soko la Migori, amemkunjulia mteja leso ya manjano. Mteja alitaka kusoma jina lake kwanza, kwa maana leso hainunuliwi kama gunia. Hununuliwa kwa maneno yake. Simu ikalia. Ni shemeji yake Dishon, kutoka Homa Bay. Hakutaja kifo. Alisema tu, "Shemeji, funga kibanda." Nyakerario akaikunja ile leso, pembe kwa pembe, akairudisha kwenye rundo. Mteja alimtazama mikono, akaondoka bila kuuliza bei.

Alikuwa amerudi Migori juzi yake tu. Alikuwa amemwuguza dada yake kwenye kituo cha afya cha kanisa, pale ufuoni, mpaka mgonjwa akaomba uji, akaumaliza, akasema, "Wewe nenda ukauze. Nikipona nitataka leso mpya, sasa utanipa nini kama hujauza?" Watu wakaona ni nafuu. Kumbe ilikuwa ile nafuu ya kuagia.

Walimzika nyumbani kwa Dishon, nyuma ya kilima, kwaya ya Wasabato ikiimba kwa Kijaluo na Ekegusii kwa zamu, kwa kuwa marehemu alikuwa binti wa Kisii aliyeolewa Ujaluoni na alizipenda lugha zote mbili. Kwa kweli Bitutu alipenda lugha yoyote iliyompitia mlangoni. Alikuwa mwalimu wa Kijerumani katika shule ya wasichana. Watu wakimcheka, wakimwuliza Kijerumani kina kazi gani hapa ziwani, aliwajibu, "Samaki wetu wanaliwa kwao. Kwa nini maneno yao yasiliwe kwetu?"

Baada ya mazishi Nyakerario alibaki wiki moja, kumsaidia Dishon kupanga nyumba. Nguo alizikunja. Vitabu alivifuta vumbi. Alipofika kwenye meza ya dada yake akaziona zile ramani, zimeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya leso, akaketi chini.

Ramani zile zilikuwa za jengo la vyoo na bafu la wodi ya kina mama. Parokia moja ya Ujerumani, iliyofanya urafiki na kituo kile cha afya, ilijitolea kulijenga, na mchoraji wao akachora kila kitu: kila bomba, kila mlango, kila ndoano ya kutundikia taulo. Lakini aliandika kwa Kijerumani, na ofisi ya kupitisha majengo ilitaka Kiingereza. Sista Marcella, muuguzi mkuu wa kituo, akamwita Bitutu. Walikuwepo waumini waliouliza kwa nini kazi ya Wakatoliki apewe Msabato. Sista akawaambia kwamba choo hakina dhehebu.

Mtu mwingine angeketi na kamusi, akamaliza kwa jioni mbili. Bitutu hakufanya kazi hivyo. Alimpigia Nyakerario simu, akamwambia aje Jumapili na leso nyingi kutoka kibandani, zisizofanana.

Jumapili ile walitoa viti vyote nje. Bitutu akafungua ramani ya kwanza, akapima sebule kwa hatua, akaanza kutandika leso sakafuni kama zilivyokaa kuta kwenye karatasi. Kila leso ikawa chumba. Palipokuwa na mlango aliweka ndala mbili. Choo cha kina mama alikitandika leso iliyoandikwa *Mficha uchi hazai*, na Dishon akacheka mpaka akashika ukuta. Cha wageni akakipa *Mgeni njoo mwenyeji apone*.

Kisha akamtoa Nyakerario nje, akamwambia: "Wewe ni mama mjamzito. Umetoka mbali, uchungu umekushika, mkojo umekubana. Mlangoni pameandikwa neno hili. Nenda."

Akamwonyesha neno la Kiingereza aliloandika kwa penseli. Nyakerario, ambaye shule aliiachia kidato cha nne na Kiingereza chake ni cha kumtosha, alisoma, akaenda. Akisitasita, au akiingia leso isiyo yake, Bitutu hakumsahihisha. Alifuta neno.

"Si ningeuliza tu mtu?" Nyakerario alimwambia mara ya kwanza. "Pale kuna wauguzi."

"Umebanwa mkojo, halafu unaanza kuulizana na watu?"

"Basi nifundishe hilo neno."

"Mgonjwa hatembei na mwalimu," Bitutu alisema, akaendelea kufuta.

Ndivyo walivyofanya Jumapili hadi Jumapili. Mahali ambapo Wajerumani waliandika *Bad*, Bitutu aliweka kwanza "bathroom", kama kamusi ilivyomwambia. Nyakerario akaingia mle, akajifanya anavua leso na kujimwagia maji, akatoka. Bitutu akamwuliza, na haja je? Nyakerario akasema haja ataitafutia choo, kwani bafu ni bafu. Lakini kwenye ramani vyote viwili vilikuwa humo humo, ukuta mmoja. Bitutu akafuta, akaandika "Bath and toilet", maneno matatu mahali pa moja, wala hakuona haya kwa urefu wake.

Kazi iliyomfanya Nyakerario amwone dada yake kwa jicho jipya ilikuwa ya choo cha wageni. Wajerumani walichora kimoja, mlango mmoja, wameandika *Besucher-WC*. Neno lenyewe halikuwa gumu hata kidogo. Bitutu alikwisha kuliandika. Lakini alisema lazima litembewe. Akamfanya Nyakerario kuwa mama aliyekuja kumwona binti yake aliyejifungua, na Dishon akawa mume wa binti huyo, yaani mkwe. Nyakerario akaingia kwenye leso, akachuchumaa. Dishon akafika mlangoni kwenye ndala, akamwona, akageuka kama aliyeungua.

"Mbona umerudi?" Bitutu akamwuliza.

"Huyo ni mama mkwe wangu."

"Ni mchezo, Dishon."

"Hata kama. Siwezi kusimama kwenye mlango ambao mama mkwe anatokea ameshika maji. Nitajikaza mpaka nifike Migori."

"Migori ni mbali, shemeji," Nyakerario akasema kutoka chooni. "Utalowa njiani, pale Rongo."

Walicheka, lakini Bitutu alikuwa amekwisha kuchukua kalamu. Usiku ule ule alimwandikia mchoraji wa Ujerumani, kwa Kijerumani chake kilichonyooka, akamweleza kwamba huku kwetu watu wawili hawa hawawezi kukutana mlango mmoja wa choo, na kwamba mmoja wao atakwenda vichakani, na huyo atakuwa mama mzee. Mchoraji hakubisha. Alirudisha ramani ina vyoo viwili vya wageni, milango ikitazama pande mbili tofauti za jengo, na shukrani pembeni. Nyakerario alipoiona karatasi ile alifikiri: dada yangu ametafsiri kitu ambacho hakikuandikwa.

Bitutu naye aliwastahi sana Wajerumani wale. Alimwambia Nyakerario kwamba nao wana haya kama sisi. Sisi tunasema tunakwenda haja, tunakwenda msalani, na madereva husimamisha gari abiria wakachimbe dawa, na wao wana jina la kale la choo, wanakiita kimahali cha kimya. Akalitamka kwa Kijerumani, polepole, kama anayeonja kitu. "Ona," alisema, "mtu aliyejenga mashine zote hizo, akitaka kwenda chooni anatafuta neno la kujifunika. Hao ni watu wa kuaminika."

Ilibaki karatasi moja alipougua. Karatasi hiyo ilikuwa na vyumba vinne. Vitatu vilikwisha kupata majina. Cha nne, kidogo, kando ya wodi, kiliandikwa *Spülraum*, na mahali pa Kiingereza palikuwa peupe. Leso yake Bitutu alikwisha kuichagua, ile iliyoandikwa *Wema hauozi*, lakini haikuwahi kutandikwa. Nyakerario aliikuta mezani juu ya ramani, imekunjwa.

Siku ya nne ya wiki ile alikuja Bonface, injinia kijana aliyepewa kusimamia ujenzi. Alivua kofia, akatoa pole, akaketi kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema Jumatatu ramani lazima ziende ofisini, maana fedha za wafadhili zilikuwa na muda wake. Nyakerario akamfungulia karatasi ya mwisho.

"Hii moja haijaandikwa," alisema.

Bonface akatoa simu, akaipiga karatasi picha, akasubiri. "Inasema chumba cha kusuuzia. Cha kuoshea vyombo." Akakitazama kile chumba kwenye ramani. "Sasa wamekiweka kando ya wodi, mbali na jikoni. Mpishi atabeba sufuria mpaka huku? Nitakihamishia jikoni. Na mahali pake niweke choo kingine."

"Dada yangu angekuwa ameandika, kama ni vyombo."

"Alikuwa mgonjwa, dada. Pole." Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa upole, jambo ambalo lilimkata Nyakerario zaidi kuliko kama angelisema kwa ukali: "Unajua, naona pia kuna mahali ameandika maneno marefu, na hii milango miwili ya wageni inaongeza ukuta. Ningeweza kupitisha karatasi zote kwenye simu, tupate kitu kimoja kinachofanana."

Nyakerario hakulala vizuri. Hakujua Kijerumani hata cha kuombea maji. Lakini alimjua dada yake. Mwanamke aliyefundisha lugha ile tangu Nyakerario angali msichana hawezi kushindwa na sufuria. Kama pale ni peupe, basi si kwa kukosa neno. Ni kwa sababu chumba kile hakijatembewa. Na ramani zikipita kwenye simu, mama mzee atarudi vichakani, na Jumapili zile zote zitakuwa zimekwenda na aliyekwenda.

Asubuhi alimwambia Dishon. Dishon alikunywa chai yake, akasema, "Zile leso ziko kabatini. Mimi nilizifua."

Jumapili baada ya misa walikuwa kwenye uwanja wa kituo cha afya. Sista Marcella aliruhusu, ingawa alisema haelewi vizuri anaruhusu nini. Bonface alikuja kwa heshima ya msiba tu, na Nyakerario aliijua heshima hiyo na akaitumia. Walitandika leso kwenye nyasi, kwa kufuata karatasi mpya aliyokuja nayo Bonface, kama alivyoibadilisha: wodi hapa, bafu pale, vyoo vya wageni vimeunganishwa, na kile chumba kidogo ng'ambo kabisa, ukutani mwa jiko la kweli, ambako Filister mpishi alikuwa anakoroga uji wa wagonjwa. Wagonjwa waliokuwa na nguvu walitoka kutazama.

Nyakerario akalala kwenye leso ya wodi. "Mimi nimejifungua asubuhi hii," alisema. "Siwezi kuinuka. Sista, nimebanwa."

Sista Marcella alikuwa muuguzi tangu zamani. Hakuhitaji kufundishwa mchezo huo. Aliingia ndani, akatoka na beseni la kujisaidia kitandani, akalisukuma chini ya mgonjwa, akageuka upande kama inavyopasa, akangoja, akalitoa. Kisha akatazama huku na huku. "Nani jamaa wa mgonjwa?"

"Injinia," Nyakerario akasema. "Leo yeye ndiye ndugu yangu."

Watu wakacheka. Bonface akacheka nao, akalipokea beseni tupu kwa mikono miwili. Nyakerario akainua kichwa. "Lifunike."

"Halina kitu."

"Lifunike. Hakuna anayebeba hilo wazi."

Akamrushia leso. Na hapo ikamjia siku yake mwenyewe, wiki mbili tu nyuma, akilibeba beseni la Bitutu uwanjani hapo hapo, kutoka wodini hadi choo cha shimo kule nyuma. Huku kwetu mwenye kubeba kitu hicho hasalimiwi wala hasalimii. Watu hutazama pembeni, kwa heshima, na yeye hupita kama asiyekuwepo. Nyakerario alipita hivyo mbele ya watu anaowajua kwa majina. Aliporudi na beseni lililosuuzwa kwa kopo, Bitutu alimwambia, "Wewe tu ndiye uliyenyimwa salamu leo kwa ajili yangu."

Bonface akaanza kwenda. Alivuka uwanja na beseni lake lililofunikwa, na watu, ingawa walijua ni tupu, walianza mmoja mmoja kutazama pembeni. Hata yeye aliacha kucheka. Alipita vyoo, kwa kuwa havina mahali pa kuoshea beseni. Alipita bafu, kwa kuwa pale mama mwingine alikuwa anamwogesha mtoto wake. Akaitazama karatasi mkononi. Maji na bomba pana la kutolea uchafu vilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kile chumba kidogo alichokihamisha mwenyewe. Akakifuata. Kikamfikisha mbele ya Filister na sufuria yake.

Filister alisimama na mwiko. "Injinia, unapeleka wapi hiyo?"

"Hapa. Chumba cha vyombo."

"Vyombo gani?"

Bonface akalitazama beseni.

"Nauliza vyombo gani," Filister akasema. "Mimi hapa nina uji wa watu ishirini. Wewe unaniletea nini chini ya leso?"

"Ni mchezo, mama."

"Mchezo wa mavi. Rudi nayo ulikotoka."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka barabarani. Bonface mwenyewe alilazimika kuketi kwenye ngazi ya jikoni, beseni mapajani, mabega yakimtikisika. Lakini Sista Marcella hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja anaangalia njia yote aliyopita Bonface, kutoka wodini hadi jikoni.

"Leta karatasi," alisema. "Ile ya kwanza. Ya Wajerumani wenyewe."

Dishon akamletea. Sista akaweka kidole kwenye kile chumba kidogo mahali kilipokuwa tangu mwanzo, kando ya wodi, mlango kwa mlango. Akafuata bomba pana kwa ukucha. "Tulikisoma chuoni," alisema taratibu. "Nairobi kwenye hospitali kubwa kipo. Sluice room. Ni chumba cha kumwagia na kuoshea mabeseni ya wagonjwa, si kitu kingine. Sijawahi kufanya kazi mahali penye hicho chumba, ndiyo maana hata sikukitafuta. Sisi huwa tunavuka uwanja."

Bonface akainuka, akaja, akatazama. "Ningewajengea hiki ukutani mwa jiko," alisema.

"Hukujenga," Nyakerario akasema.

"Ni kwa sababu yako."

"Si mimi. Mimi najua kutembea tu. Ni yeye aliyekataa kuandika."

Bonface akalipeleka beseni mbele ya Nyakerario, akaliweka chini kwa uangalifu kama lililojaa. Kisha akachukua leso ya *Wema hauozi* kutoka mkononi mwa Dishon, akaitandika mwenyewe kando ya wodi, akaweka ndala zake mlangoni. Akavirudisha vyoo vya wageni mahali pake, mlango huku na mlango kule, bila kuambiwa. Alipomaliza alimwuliza Sista herufi za lile neno, akamwachia Nyakerario penseli.

Nyakerario akapiga magoti nyasini, akaandika kwenye ile nafasi nyeupe, kwa mwandiko wa kidato cha nne, chini ya maandishi ya dada yake yaliyoinama kidogo kulia. Herufi ya mwisho ilivuka mstari. Aliiacha hivyo.

Wakati wa kukunja, Dishon alishika pembe mbili za leso na yeye akashika mbili, wakakutana katikati kila mara kama watu wanaokunja shuka. Dishon akasema, "Yule mama alitufanya tuchuchumae sebuleni mwetu wenyewe, na tulidhani anacheza." Nyakerario akasema alijua hachezi tangu siku ya mlango wa wageni. "Mimi sikujua," Dishon akasema. "Mimi nilikuwa nampenda tu."

Ramani zilikwenda Jumatatu, zikapita. Jengo lilisimama kabla ya mvua za vuli. Siku ya kulifungua, mchoraji alituma salamu, Sista akazisoma, na zilitaja jina la Bitutu kabla ya jina la Askofu. Chumba kile kidogo kina mlango wa kijani. Mwenye kubeba beseni hutoka kitandani, hupiga hatua chache, huingia, hufunga mlango, na akitoka mikono imenawa. Anasalimiwa kama mtu mwingine yeyote.

Sasa kuna ramani nyingine, za vyoo vya shule kisiwani Remba. Aliyepewa kazi ni Linet, aliyekuwa mwanafunzi wa Bitutu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi Nyakerario hufunga kibanda Migori, hubeba leso mpaka Homa Bay, na Dishon hutoa viti nje. Linet husoma Kijerumani. Nyakerario hutembea.